Sanduku Lisilo na Mdomo

Jamhuri ya Utepeni haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijichoshe kuitafuta, wala asichungulie dirishani kwake akidhani ataiona. Ni nchi ya mbali sana. Watu wake ni wapole, mvua yake inatosha, na katika nembo ya taifa kuna mkasi uliofunguka, kwa sababu kule hakuna kinachoheshimiwa kama uzinduzi. Rais wao huitwa Mkata Utepe Mkuu. Mawaziri hupimwa kwa wingi wa tepe walizokata, na mtoto akizaliwa wakunga wengine hungoja kidogo kabla ya kukata kitovu, pengine kuna kiongozi anapita karibu.

Wana sheria moja wanayoienzi kuliko zote, nayo ni Sheria ya Tumbo Wazi. Ilitungwa zamani, baada ya mfanyabiashara mmoja kuiuzia serikali jokofu la kuhifadhia chanjo. Waziri alikata utepe, bendi ikapiga, na baadaye ikaonekana kwamba jokofu lile lilikuwa bati tupu lenye taa. Tangu hapo ikaamriwa kwamba kitu chochote kisihesabiwe kuwa mali ya serikali mpaka mgeni rasmi akifungue kwa mkono wake mwenyewe na kuwaonyesha wananchi kilichomo tumboni. Ilikuwa sheria nzuri, na nia yake ilikuwa njema. Kwa sheria hiyo Naibu Waziri mmoja alizindua mzinga wa nyuki wa kisasa. Mwingine alizindua mashine ya kutotolea vifaranga, akaiacha mlango wazi muda wote wa hotuba yake, mayai yakapoa, na vifaranga vya mradi ule vinangojwa hadi leo. Hakuna aliyelaumiwa. Hotuba ilikuwa nzuri.

Katika nchi hiyo alikuwepo Dakta Tunu Mbelwa, mtafiti wa usalama wa kompyuta katika chuo kikuu cha taifa. Maabara yake ilikuwa stoo ya zamani ya tepe, na ukifagia uvunguni mwa meza hukosi kipande chekundu. Alilelewa na shangazi yake, Bi Siwema, mkunga wa zahanati ya Kiguzo, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, ambaye akisikia mtu anakohoa nje humwita ndani kabla hajauliza ni nani. Kwa shangazi huyo Tunu alijifunza kunawa mikono vizuri, na kutosema nje yaliyosemwa chumbani.

"Mama akishikwa na uchungu husema mengi," Shangazi alikuwa akimwambia. "Huwatukana wakwe, hutaja watu. Asubuhi yake hakuna aliyesikia. Chumba cha uzazi kina masikio, mwanangu, lakini hakina mdomo."

Ndivyo mtoto yule alivyokua akataka kutengeneza kompyuta yenye masikio isiyo na mdomo.

*

Basi ikawa Mkata Utepe Mkuu alisafiri ng'ambo kwenye mkutano wa marais. Alisinzia kidogo, kama ilivyo haki ya mgeni aliyetoka mbali, na alipofumbua macho msemaji alikuwa akizisifu nchi ambazo raia hutoa maoni kwa siri, kwa kompyuta zinazosimba maneno, yaani kuyavuruga yasisomeke na mtu asiye na ufunguo wake. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Rais hakupenda makofi yampite. Alipotua nyumbani alihutubia taifa palepale penye ngazi za ndege.

"Wananchi wangu! Kuanzia sasa kila raia atasema la moyoni mwake bila kujulikana! Hata mimi sitamjua! Na hata nikitaka kumjua, nawaambieni, sitaweza!"

Viongozi wote waliielewa hotuba hiyo, kama mtu anavyoielewa "karibu tule" ya jirani ambaye amekwisha kunawa na sufuria yake ni ndogo. Ni adabu. Aliyekaribishwa hushukuru, akapita zake. Katika nchi nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyevuta kigoda akaketi, naye ni Dakta Tunu. Aliyachukua maneno ya Rais kama yalivyosemwa, akaenda kuyatengeneza.

Lilikuwa sanduku la chuma, ukubwa wake kama redio za zamani, lenye kioo na vitufe. Raia aliingiza kitambulisho chake akaandika lake. Maneno yalitoka upande wa pili yakiwa yamechapwa, yakapelekwa Ikulu. Jina lilibaki ndani, limesimbwa, ili siku ambayo jibu lingepatikana sanduku lenyewe limfikishie mwenye jina. Ndani yake mlikuwa na chipu moja ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Ufunguo wa kuyasoma majina ulizaliwa ndani ya chipu hiyo na uliishi humo humo, na hapakuwa na waya, tundu wala amri ya kuutoa. Hata Tunu mwenyewe hakuwahi kuuona. Tena chini ya kifuniko alitandika wavu wa nyaya nyembamba kama unywele. Mtu akikifungua, nyaya zingekatika, chipu ingeufuta ufunguo wake, na majina yote yangekuwa kama punje za mchanga zilizomwagwa pwani.

Shangazi Siwema alikuja maabarani kulitumia siku za mwanzo kabisa, na miwani yake kwenye mkoba wa plastiki. Aliandika kwa kidole kimoja, kisha akamwita Tunu asome. Kwenye kioo ilisomeka: *Mimi Siwema, mkunga wa Kiguzo, niliyewapokea watoto wengi wa nchi hii...*

"Futa hapo, Shangazi!"

"Kwani si umesema jina linafichwa?"

"Jina linafichwa. Maneno yanasomwa. Ukijitaja mwenyewe, chipu itakusaidiaje? Itakuziba mdomo?"

"Haya, haya, Dakta. Usinigombeze kama mkweo."

Akafuta, akaandika upya, na safari hii angeweza kuwa mama yeyote wa Kiguzo: *Kisima cha zahanati kimezinduliwa mara tatu na hakijatoa hata tone. Mama anayekuja kujifungua huja na ndoo yake ya maji kichwani. Aliyekata utepe naye aje azae kwa maji ya ndoo moja, ndipo tuongee.*

Alipoondoka, Tunu alichukua rangi akaandika ukutani kwa ajili ya watakaofuata: SANDUKU LITAFICHA JINA LAKO. MDOMO WAKO UFICHE MWENYEWE.

*

Karatasi ile ikafika Ikulu. Rais aliisoma mbele ya baraza la mawaziri, wote wakacheka. Kisha akauliza kisima hicho ni cha nani, wakaacha kucheka. Kilikuwa cha Mheshimiwa Lugendo Kasole, Waziri wa Siri, Uwazi na Maji. Wizara hizo tatu ziliunganishwa ili kubana matumizi.

"Mtu huyu anataka nizae," Waziri alisema.

"Mtafute," Rais akaamuru. "Kwa upole. Apelekwe Chuo cha Shukrani."

Chuo cha Shukrani kiko milimani, kwenye baridi. Ni shule nzuri yenye bustani ya maua, na ada hailipwi. Mlalamikaji hupelekwa huko kujifunza kushukuru, na akihitimu hurudi kwao. Ila baadhi ya wanafunzi ni wazito wa kuelewa, na wapo walioingia na nywele nyeusi ambao sasa ni weupe kichwani na bado wako darasa la kwanza. Wazee aghalabu hawafiki muhula wa pili. Kifua hakiwaruhusu.

Tunu alijua kifua cha Shangazi Siwema kilivyo. Kila msimu wa baridi alimsugua mgongo kwa mafuta ya karafuu.

Siku ya pili Waziri alimwita ofisini. Ukuta wote wa nyuma ya kiti chake ulijaa funguo zilizotundikwa misumarini: za ofisi za wasaidizi wake, za makabati yao, na nyingine za masanduku ya nguo ya wake zao. Kule Utepeni, mkubwa kuwa na nakala ya ufunguo wa mdogo wake ni heshima, na mdogo huipeleka mwenyewe imefungwa kwenye leso.

"Dakta, hongera sana kwa kazi," alisema Waziri. "Sasa naomba nakala yangu."

"Mheshimiwa, ufunguo huo hauna nakala."

"Basi nipe wenyewe."

"Hautoki."

"Hautoki vipi? Uliingiaje?"

"Haukuingia, Mheshimiwa. Ulizaliwa humo humo."

Waziri alimtazama katibu wake kama mtu anayetafuta shahidi. "Dakta, mimi si mtu wa kompyuta, lakini nina watoto. Kinachozaliwa hutoka."

Tunu alijaribu tena, taratibu, kwa mfano wa chumba cha uzazi. Waziri alisikiliza kwa heshima, hata akaagiza aletewe chai yenye tangawizi, maana alisikia sauti yake imekauka. Halafu akasema, "Tunachotaka ni kitu kidogo tu. Tunataka kufuli ambalo adui hawezi kulifungua, lakini sisi tunaweza."

"Kufuli halimjui adui wala rafiki. Nikitoboa tundu kwa ajili yako, mwizi naye atapita humo humo."

"Basi lifundishwe uzalendo," alisema Waziri, akagonga meza kwa furaha, kwa kuwa hatimaye limepatikana jambo linaloweza kuundiwa kamati.

Kamati ya Kuielimisha Chipu ilikutana katika hoteli ya ufukweni. Chipu iliimbiwa wimbo wa taifa, aya zote. Ilisomewa katiba, kurasa zilizosalia. Shehe na mchungaji waliiombea kila mmoja kwa zamu yake, na baadaye walikaa wakala keki moja kwa uma mmoja, jambo ambalo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyofanyika hotelini pale. Ilipewa kadi ya chama na kofia ndogo. Haikutaja jina la mtu.

Ndipo Bwana Pazi, Mkuu wa Itifaki, aliponyoosha mkono. Bwana Pazi alikuwa mwembamba, mwenye suti moja iliyonyooshwa vizuri mno, na alikuwa anaijua Sheria ya Tumbo Wazi kama Wakristo wanavyojua Baba Yetu.

"Mheshimiwa, naogopa kusema. Sanduku hili halijazinduliwa."

Wajumbe waligeuza viti kumtazama.

"Limefanya kazi siku zote hizi bila wananchi kuonyeshwa tumbo lake. Kisheria si mali ya serikali. Litatutiije?"

Waziri aliinuka, akamkumbatia.

*

Hapa Dakta Tunu alipata mtihani ambao hakuusomea. Akinyamaza, kifuniko kitafunguliwa, ufunguo utafutika, na jina la Shangazi litapotea milele, naye atakuwa salama. Akisema, wanaweza kumsikia, na wakimsikia watatafuta njia nyingine. Lakini mtafiti anayeficha tabia ya chombo alichokitengeneza si mtafiti, na aliyemlea hakumfundisha hivyo.

Na kwa kweli alikuwa amekwisha kusema. Aliandika katika ukurasa wa kwanza wa ripoti yake, kwa herufi nyekundu: KIFUNIKO KISIFUNGULIWE KAMWE. MAJINA YATAFUTIKA. Miaka yote alihuzunika kwamba serikali haisomi ripoti za watafiti. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwomba Mungu desturi isivunjwe. Haikuvunjwa. Ripoti yake ilikuwa kabatini wizarani, imefungwa kwa utepe, ikingoja mtu wa kuizindua.

Hata hivyo alisimama mbele ya kamati. "Mheshimiwa, ukifungua kifuniko hicho, majina yatafutika yote."

"Hivyo ni vitisho, Dakta," Waziri alimjibu bila hasira. "Ungekuwa wewe, si ungesema hivyo hivyo?"

"Na tahadhari," aliongeza Bwana Pazi, akimvutia kiti akae, "hutolewa kwenye kipengele cha Mengineyo, baada ya neno la shukrani."

Mchana huo Tunu alikwenda Kiguzo. Alimkuta Shangazi barazani, ameweka chini khanga mbili, mswaki, chupa ya mafuta ya karafuu na mfuko wa chumvi, anavifunga pamoja.

"Kifurushi cha nini hicho?"

"Cha basi. Wametangaza kwenye spika kutakuwa na basi."

"Shangazi, majina hayatatoka. Nilikueleza. Kifuniko kikifunguka tu..."

"Nilikuelewa, mwanangu. Kompyuta yako naiamini." Alikaza fundo kwa meno. "Ila nimeishi na serikali muda mrefu kuliko wewe. Sitaki siku hiyo niwacheleweshe watu nikitafuta mswaki."

"Chumvi je?"

"Huko milimani nasikia wanapika bila chumvi."

Tunu alicheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka, akaingia ndani kuchemsha maji ya chai. Maji yalikuwa kidogo, kwa hiyo walikunywa kikombe kimoja kwa zamu.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa Kiguzo, mbele ya zahanati, hatua chache kutoka kisimani. Akina mama waliamrishwa kuleta maji kutoka mtoni ili wageni wanawe mikono kando ya kisima. Sanduku liliwekwa juu ya meza yenye kitambaa, na utepe mwekundu ukalizunguka hata halikuonekana. Nyuma yake palisimamishwa kioo kikubwa cha kuonyeshea majina. Kando ya uwanja basi lilingoja, limepakwa rangi ya kijani, limeandikwa ubavuni: KARIBU MWANAFUNZI. Dereva wake, bila kuagizwa na mtu, alikuwa amekusanya mablanketi mitaani kwao na kuyapanga kwenye viti, maana alijua njia ile ilivyo na baridi.

Bwana Pazi alipokuwa akikagua safu za viti alimwona bibi mmoja amesimama juani na kifurushi chake. Alimhamisha mkurugenzi mmoja, akamketisha bibi yule mstari wa mbele, chini ya turubai, akamletea maji ya kunywa ya wageni. Hakujua ni nani. Alikuwa tu mtu asiyependa kuona mzee amesimama.

"Asante, baba. Mungu akupe mke mwema," alisema Shangazi Siwema.

"Ninaye, mama."

"Basi amwongezee subira."

Hotuba ikaanza. "Leo," alinguruma Mheshimiwa Lugendo, "tunaingia katika zama za usimbaji! Siri za taifa zitakuwa salama, na siri za raia zitakuwa salama zaidi, kwa sababu zitakuwa mikononi mwangu! Adui ataona giza, mimi nitaona nuru! Yeyote atakayeliona jina lake kwenye kioo hiki asione haya. Asimame, apunge mkono, apande basi!"

Tunu alisimama kwa mara ya mwisho. "Mheshimiwa, nakusihi, kifuniko..."

Kwaya ikaanza kuimba, kwa kuwa ratiba ilisema kwaya. Akakaa. Alitazama mikono ya shangazi yake iliyotulia juu ya kifurushi, mikono iliyompokea yeye mwenyewe siku ya kwanza ya maisha yake, na akaanza kurudia moyoni mchoro wa nyaya zake, waya mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesali. Je, kama wavu una kasoro? Je, kama chipu itachelewa kidogo tu, jina moja likapita? Maabarani ilikuwa haijawahi kukosea. Lakini maabarani hapakuwa na bendi.

Utepe ulikatwa. Waziri akapokea bisibisi ya dhahabu iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya siku hiyo. Dhahabu ni laini, ikapinda kwenye skrubu ya kwanza. Akajaribu tena, ikapinda upande wa pili. Bwana Pazi alitupa macho huku na huku, na dereva wa basi akaleta bisibisi yake yenye kutu. Ikafungwa utepe mpini ili isiaibishe meza, na kazi ikaendelea. Waziri alikuwa na jasho. Kwaya ilirudia ubeti. Skrubu ya mwisho ilipotoka, akashika kifuniko kwa mikono miwili, akakinyanyua juu ili wananchi waone.

Pakasikika mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti.

Kioo kikubwa kikawaka. Shangazi Siwema aliinuka nusu, kifurushi mkononi.

Kwenye kioo palikuwa na maneno haya tu: UFUNGUO UMEFUTWA. MAJINA HAYASOMEKI. UFUNGUO MPYA UMEZALIWA. KARIBU.

Waziri aliyasoma. Akayasoma tena, akisogeza midomo. Uwanja ulikuwa kimya mpaka ukasikia mbuzi wa jirani akitafuna. Bwana Pazi, aliyejua kwamba kimya si kipengele cha ratiba, alinong'ona, "Makofi," lakini hakuna aliyejua ampigie nani.

Hapo ndipo mtu huonekana ni kiongozi. Mheshimiwa Lugendo alivuta kipaza sauti.

"Wananchi! Mmeona kwa macho yenu! Tumelifungua tumbo lake, na ndani hamna jina hata moja! Hata moja! Katika jamhuri yetu nzima hakuna mlalamikaji!"

Yakapigwa makofi ambayo nchi ile haikuwahi kuyasikia, kwa kuwa safari hiyo watu walikuwa wanafurahi kweli. Akina mama walipiga vigelegele. Mkurugenzi aliyehamishwa kiti alimkumbatia mtu asiyemjua. Shangazi alikaa chini taratibu, akafungua kifurushi, akatoa khanga moja akajifuta uso.

Basi halikurudi tupu. Dereva aliwapakia wazee waliokaa mbali akawafikisha majumbani mwao, na mablanketi akayaacha zahanati kwa ajili ya watoto watakaozaliwa.

*

Rais alifurahi mno, akaagiza sanduku libaki wazi kwa umma daima, kwa kuwa lilikuwa sanduku pekee duniani lililopasuliwa tumbo likakutwa safi. Dakta Tunu alivishwa nishani. Alirudisha kifuniko, akatandika wavu mpya.

Kwa miaka mingi alikuwa anatafuta namna ya kuwaaminisha watu kwamba kufuli lake linafunga. Aliandika makala, akachora michoro, akahutubia kumbi zenye watu wanne, mmoja wao amelala. Sasa taifa zima lilikuwa limemwona Waziri wa Siri, kwa bisibisi, mchana kweupe, akishindwa kupata jina moja. Hakuna maabara ingeweza kupanga jaribio kama hilo. Asubuhi iliyofuata foleni ilitoka mlangoni kwake, ikazunguka chuo, ikapita mbele ya kituo cha polisi, na polisi wawili nao walikuwa wamo ndani yake, wamevua kofia.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, foleni ilipokuwa imekwenda kula, aliingia mzee mmoja aliyejifunika shuka kichwani, na miwani myeusi. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa sana.

"Ni kweli hata wewe huoni?" aliuliza.

"Hata mimi, Mheshimiwa."

Aliguna kwa kutambuliwa, akashusha shuka. "Na... Mkubwa je?"

"Hata yeye. Si ulijaribu mwenyewe?"

Waziri alikaa. Alitazama vitufe muda mrefu. Maisha yake yote makatibu ndio waliomwandikia, kwa hiyo herufi zilimpotea, na ikabidi amwombe Tunu amsaidie kuzitafuta. Ndivyo Tunu alivyoona, bila kutaka: *Mimi ni waziri. Nilizindua kisima nikijua hakina maji, kwa sababu fedha ya kuchimba iliishia kwenye bendi na kofia, na niliogopa kusema. Kila nikinywa maji nawakumbuka wale akina mama na ndoo zao. Sisi tunaogopa kuliko wao.*

Tunu angeweza kunyamaza. Watu wengi wangesema alikuwa na haki ya kunyamaza. Lakini alimsogelea, akamwonyesha maandishi ya ukutani, kwa upole uleule aliomwonyesha shangazi yake.

"Mheshimiwa, futa hapo mwanzo. Ukiandika hivi utajulikana."

Mheshimiwa Lugendo alivua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alicheka kicheko cha kweli, cha mtu aliyechoka.

"Dakta," alisema, "katika baraza letu, hilo halimtambulishi mtu yeyote."

Akabonyeza.

*

Karatasi isiyo na jina ilisomwa Ikulu. Rais aliwatazama mawaziri wake mmoja mmoja, na kila mmoja akatazama viatu vyake, kila mmoja akiwa na hakika kwamba wenzake wanamdhania yeye. Hawakuulizana kitu. Kabla ya wiki kwisha mitambo ya kuchimba ilikuwa inanguruma kila pembe ya nchi, bila bango, bila turubai, kama kazi ya wezi.

Kiguzo maji yalitoka siku ya kawaida tu, asubuhi, watu wakienda shambani. Yalikuja mekundu kwanza, kisha meupe, kisha safi. Wanakijiji walikizunguka kisima na ndoo zao, wasithubutu kukinga. Hapakuwa na mgeni rasmi. Tumbo la kisima halijaonyeshwa. Wengine walisema wasubiri, atumwe mtu kwa Bwana Pazi.

Shangazi Siwema alitoka zahanati, mikono ya gauni imekunjwa, beseni kiunoni. Nyuma yake, ndani, mama mmoja alikuwa akilia kwa uchungu.

"Shangazi, ngoja," mtu mmoja alimwonya. "Hayajazinduliwa."

"Na huyu anayekuja naye hajazinduliwa," alijibu, akainama, akakinga.